Je, Wajua? Ofisi za Wabunifu na Vituko Vyake

Je, wajua kwamba Los Angeles kuna ofisi ambayo lango lake la magari ni darubini ya macho mawili? Si mchoro ukutani. Ni darubini kubwa kama jengo, imesimama wima, na magari hupita katikati yake. Ofisi ilichorwa na Frank Gehry, darubini ikabuniwa na Claes Oldenburg na Coosje van Bruggen, kazi ikakamilika mwaka 1991. Mteja alikuwa Chiat/Day, kampuni ya matangazo iliyoitangaza kompyuta ya Macintosh mwaka 1984.

Je, wajua kwamba miaka michache tu baadaye bosi wake, Jay Chiat, aliwanyang'anya watu meza? Ukifika asubuhi unakwenda kaunta, unaazimwa simu na kompyuta mpakato, kisha unajitafutia pa kukaa. Mali yako binafsi ifungie kabatini. Wazo lilisifiwa sana, ila vifaa havikuwatosha. Walioishi jirani na ofisi wakawa wanadamka alfajiri, wanachukua simu, wanaificha, wanarudi kulala. Makaratasi nayo yakakosa pa kuwekwa: buti za magari zikageuka makabati ya mafaili, na mfanyakazi mmoja akawa anakokota nyaraka zake kwa kigari chekundu cha kuchezea watoto. Na hao ndio mabingwa wa ubunifu!

Je, wajua mkasa uliishaje? Mwaka 1998 walihamia kwenye ghala huko Playa Vista. Clive Wilkinson, msanifu mzaliwa wa Afrika Kusini, akawawekea miti na uwanja wa mpira wa kikapu humo humo ndani. Na kila mtu akarudishiwa meza yake.

Je, wajua kwamba kelele za wastani, desibeli 70 hivi, ziliwasaidia watu kubuni kuliko 50 au 85, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2012? Basi muuza kahawa na kelele zake asifukuzwe.

Je, wajua kwamba vile vijichumba vya kijivu vya ofisini vilianza kama mpango wa kumkomboa mfanyakazi? Robert Propst wa kampuni ya fanicha ya Herman Miller alibuni mwaka 1968 kuta fupi za kuhamishika, kila mtu ajipangie apendavyo. Wenye makampuni wakaona humo njia rahisi ya kubananisha watu wengi. Propst alilichukia jambo hilo hadi uzeeni.

Kuzibomoa kuta nako si dawa. Watafiti wa Harvard walizifuatilia ofisi za makampuni mawili yaliyofanya hivyo, na mwaka 2018 wakaripoti kuwa mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70. Sishangai: asiye na ukuta huvaa hedifoni.

Je, wajua kwamba Steve Jobs alitaka vyoo vyote vya studio ya filamu ya Pixar viwe ukumbini, katikati ya jengo, ili watu wa idara mbalimbali wakutane wapende wasipende? Wafanyakazi walikataa, akalegea.

Je, wajua kuhusu Jengo la 20 la chuo cha MIT? Lilijengwa kwa mbao mwaka 1943, livunjwe vita vikiisha. Likadumu hadi 1998. Watafiti walitoboa kuta kupitisha nyaya bila kumwomba mtu ruhusa. Mmoja wao, Jerrold Zacharias, alipohitaji nafasi ya kuundia saa ya atomu, aling'oa sakafu mbili. Nani angemgombeza? Jengo lilikuwa la kubomolewa tangu siku lilipojengwa.