Kidevu Kikipigwa, Tazameni Taya

Wakati wa maembe huko Mbamba Bay na Liuli, watoto huanguka mitini. Aliyeangukia kidevu huoshwa jeraha, na wazee wake wakadhani yamekwisha. Sisi twasema bado. Pigo hilo hupanda hadi kiungo cha taya, mbele ya sikio, nacho chaweza kuvunjika pasipo kuonekana. Kikiachwa, mifupa huweza kushikana, kinywa kisifunuke, na taya lisikue. Hapo dawa ni kupasuliwa katika hospitali kubwa kama Muhimbili, nako ni mbali mno na Mbinga! Basi mwambieni mtoto apange vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine. Visipoingia baina ya meno ya mbele, mpelekeni kwa mganga wa hospitali upesi. Ama taya likialika tu bila maumivu, msihofu. Likiuma kidogo, apewe uji na ugali laini, aache miwa.