Bawa la nyuma ya gari: lifungwe kwa akili, lifunguliwe kwa subira

Mtu wa Busia hahitaji kufundishwa kwamba kitu kinachofungwa nyuma ya chombo kina kazi yake. Katika miaka ya 1960 wenye baiskeli wa mpakani walivitia mito viti vyao vya nyuma, wakawa wakivusha abiria na mizigo kati ya kituo cha Uganda na kile cha Kenya, huku wakiwaita wateja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Ndipo lilipozaliwa jina la bodaboda, ambalo leo linajulikana katika Afrika Mashariki nzima. Kiti kile cha nyuma kilikuwa kidogo, lakini kililisha watoto na kulipa karo.

Siku hizi, katika barabara ya Tororo kwenda Malaba, na katika ile itokayo Busia kuelekea msitu wa Busitema, twaona kitu kingine kimefungwa nyuma ya vyombo. Ni ubao uliopinda, wa plastiki ngumu au faiba, uliosimama juu ya buti la gari dogo. Mafundi huuita spoila. Sisi katika ukurasa huu tutauita bawa la nyuma. Wapo wanaotaka kulifunga, na wapo walionunua gari likiwa nalo nao wanataka kuliondoa. Wote wawili wanastahili kuelezwa kazi yake na hatari zake kabla ya kushika spana.

Jambo hili si dogo kwa nyumba ya askari. Wengi wetu hununua gari kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, kama vile Wazalendo kwa wanajeshi au Exodus kwa polisi, na mkopo huo hukatwa katika mshahara kila mwezi. Shilingi inayotiwa katika bawa ni shilingi iliyotolewa katika karo, unga au tairi. Zaidi ya hayo, bawa lililofungwa ovyo laweza kung'oka barabarani na kumwangukia mwendesha pikipiki anayefuata nyuma, ambaye hakuuliza habari za urembo wa gari lako.

UPEPO NA MWENDO

Hebu tuanze na kazi yake. Gari likienda kasi, hewa hupita juu ya paa, huteremka juu ya kioo cha nyuma, kisha huachana na mwili wa gari na kuanza kuzungukazunguka. Kwa kuwa paa la gari limepinda juu nalo tumbo lake ni bapa, hewa ya juu hukimbia zaidi na mgandamizo wake hupungua, karibu kama inavyotokea juu ya bawa la ndege. Ndiyo sababu gari la mwendo mkali huwa jepesi nyuma, na tairi zake za nyuma hupunguza kuishika barabara. Bawa la nyuma huwekwa ili liuvuruge mkondo huo wa hewa. Yale mabawa makubwa ya magari ya mashindano hufanya zaidi: yameumbwa kama bawa la ndege lililogeuzwa juu chini, ili upepo uligandamize gari badala ya kuliinua.

Lakini yafaa ieleweke kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne; ukizidi mara tatu, nguvu huzidi mara tisa. Basi bawa ambalo kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa lingekuwa na nguvu ya kuonekana, kwa mwendo wa kilomita 40 hubakiwa na sehemu moja tu katika tisa za nguvu ile. Ndani ya miji ya Uganda na Kenya, kwa kawaida sheria haimruhusu dereva kuzidi kilomita 50. Mwenye gari anayekwenda sokoni Tororo au kupeleka watoto shuleni Busia hafiki kamwe mahali ambapo bawa lake linaamka usingizini.

Kuna jambo la pili. Magari mengi ya familia tuyaonayo hapa, kama vile Toyota Corolla, Premio na Wish, kwa kawaida huvutwa na magurudumu ya mbele. Kuyagandamiza magurudumu ya nyuma hakuisaidii injini kuvuta. Tena bawa lisiloumbwa kwa ajili ya gari hilo laweza kuongeza ukinzani wa hewa na kula petroli zaidi.

Je, mapenzi haya ya mabawa yametoka wapi? Hapana shaka mashindano ya Safari yamechangia sana. Yalianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1997 Colin McRae aliyashinda kwa gari la Subaru Impreza lenye bawa refu nyuma, na vijana wengi wa nchi zetu wakalipenda umbo lile. Lakini gari lile lilikuwa na injini, breki na tairi za mashindano, na lilikaguliwa na mafundi kila lilipopumzika. Hata hao mabingwa hawakuepuka ajali. Mwezi wa Mei 1969, huko Montjuïc mjini Barcelona, mabawa marefu ya magari mawili ya Lotus yalivunjika katika mashindano yale yale. Graham Hill na Jochen Rindt wote wawili waligonga kingo za barabara, na Rindt akaumia. Majuma mawili hivi baadaye, huko Monaco, wakuu wa mashindano waliyapiga marufuku mabawa ya namna ile. Ikiwa mabawa ya wahandisi wale yalivunjika, la kwetu lililofungwa kando ya barabara kwa skrubu mbili litakuwaje?

Hivyo basi, kwa mwenye gari wa kawaida bawa ni pambo. Pambo si dhambi. Hata nyumba hupakwa rangi. Lakini pambo lisilete madhara, na hilo linategemea namna ya kulifunga.

KULIFUNGA

Kwanza lipime uzito. Mfuniko wa buti huinuliwa na springi au fimbo za gesi zilizopimwa kwa uzito wake wenyewe. Ukiongeza bawa zito, mfuniko hautasimama vema, na siku moja utamwangukia mama kichwani akitoa magunia, au utabana vidole vya mtoto. Shikilia bawa mahali pake, fungua buti, uangalie kama mfuniko ungali unasimama. Ukishuka wenyewe, acha shauri hilo au ubadilishe springi kwanza.

Pili, kaa kwenye kiti cha dereva, mwenzako alishike bawa juu ya buti, nawe utazame kioo cha ndani. Likificha gari lililo nyuma yako, halifai. Tena ni lazima taa zote za nyuma na namba ya gari zionekane wazi.

Tatu, chagua njia ya kufunga. Bawa dogo na jepesi, linalolala juu ya ukingo wa buti, laweza kushikwa kwa utepe wenye gundi pande mbili uliotengenezwa kwa magari. Osha bati kwa sabuni, likaushe, kisha ulifute kwa spiriti ili kusibaki mafuta wala nta. Fanya kazi hiyo bati likiwa na joto la wastani, si asubuhi ya mvua. Ukishabandika, gandamiza kila sehemu, na usioshe gari wala kulikimbiza kabla ya siku moja au mbili kupita.

Bawa kubwa lenye miguu linahitaji bolti. Bandika utepe wa karatasi juu ya buti, pima kutoka kingo zote mbili, uweke alama ya katikati. Chungulia ndani ya mfuniko uone mbavu za chuma na waya zilipo. Toboa kwanza tundu dogo la milimita 3, kisha ulipanue polepole. Chembe za chuma zizolewe zote kwa sumaku au brashi, maana zikibaki zitashika kutu. Usisahau kuupaka mdomo wa kila tundu rangi ya msingi, kisha rangi ya gari, na kuiacha ikauke. Hapa kwetu, karibu na Ziwa Victoria, mvua ni nyingi, na tundu lisilopakwa rangi hugeuka kidonda cha kutu. Weka washa za mpira na silikoni, ukaze nati kwa mkono mwepesi, kwa kuwa plastiki ikibanwa mno hupasuka.

Kama bawa lina taa ya breki, waya wake upitishwe ndani ya kizibo cha mpira usije ukakatwa na bati. Mwisho, mwaga maji juu ya buti, ufungue uangalie kama yameingia; kisha mwambie mtu akanyage breki nawe utazame taa. Baada ya juma moja, kagua nati zote tena. Askari anayekagua silaha yake kila siku hatashindwa kukagua nati nne.

KULIFUNGUA

Kufungua kunadai subira zaidi kuliko kufunga. Zima gari. Ondoa kitambaa au plastiki iliyo ndani ya mfuniko, utenganishe waya wa taa kwenye kiungio chake bila kuukata. Mtu mmoja alishike bawa, mwingine afungue nati. Usilivute kwa nguvu hata likionekana limelegea, kwa maana mara nyingi chini yake kuna utepe wa gundi, na ukivuta utaondoka na rangi.

Gundi hiyo ilainishwe kwa joto. Mashine ya kukaushia nywele yatosha, ikisogezwa huku na huku bila kusimama mahali pamoja. Kisha chukua uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ule ule unaotumiwa na wavuvi wa Majanji, uupitishe kati ya bawa na bati, ukate gundi kama mtu anayepasua mbao kwa msumeno. Bisibisi na kisu viwekwe mbali. Mabaki ya gundi huondolewa kwa kidole na kitambaa chenye spiriti kidogo, baada ya kuijaribu mahali pasipoonekana. Petroli isitumike kamwe, hasa katika ua wa nyumba ambamo jiko la makaa linawaka.

Bawa likishatoka, utaona mambo mawili. La kwanza ni rangi: mahali palipofunikwa patang'aa kuliko pengine, kwa kuwa jua halikupafikia. Kung'arisha buti zima kutapunguza tofauti hiyo, lakini huenda kusiimalize. La pili ni matundu. Vizibo vya mpira vyafaa kwa muda mfupi. Dawa ya kudumu ni fundi bodi kuyaziba kwa kuchomelea bati, kulainisha kwa msasa na kupaka rangi. Kujaza fila peke yake juu ya tundu ni kulificha, wala si kuliziba. Maji yatapenya, na kutu itafanya kazi yake chini kwa chini. Na kama bawa ndilo lililobeba taa ya tatu ya breki, taa nyingine iwekwe kabla gari halijarudi barabarani. Dereva wa lori la mizigo anayekufuata usiku wa mvua huko Busitema anaitegemea taa hiyo ya juu ili asimame kwa wakati.

KABLA YA KUNUNUA

Magari mengi yaliyotumika Japani hushushwa Mombasa, kisha huingia Uganda kwa Malaba au Busia. Baadhi yao huja na bawa lililowekwa na kiwanda, na mengine hufungiwa huku. Mnunuzi asiridhike na uzuri wa umbo. Fungua buti, inua zulia, utazame shimo la tairi ya akiba: maji au kutu humo ni ushahidi kwamba matundu ya juu yanavuja. Pitisha kidole chini ya miguu ya bawa, na ulitikise. Likicheza, punguza bei au uende kwa mwingine. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Na katika nyumba, shauri hili liamuliwe na baba na mama pamoja, daftari la matumizi likiwa mezani. Watazame tairi kama zina meno, breki kama zinashika, mikanda ya viti kama ipo kwa kila mtoto, na taa za nyuma kama zote zinawaka. Kimoja kikikosekana, fedha ya bawa imekwisha kupata kazi yake. Vyote vikiwa tayari, na karo ya muhula ikiwa imelipwa, basi afande na afunge bawa lake, nati zote zikiwa zimekazwa.