Watoto wa Tarime kuiona Serengeti: Safari huanzia gesti

Mtoto anayekulia Tarime anaweza kufika darasa la saba akijua kumchora simba, akijua pia kwamba nyumbu huvuka Mto Mara, na asiwe amewahi kumwona hata mmoja kwa macho yake. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti haiko mbali naye. Kipande cha Lamai, kilicho kaskazini mwa Mto Mara, kiko upande wa wilaya yake. Lakini nyumbani kwao jina la hifadhi hutajwa zaidi siku ng'ombe wanapokamatwa, tembo wanapoingia shambani, au ndugu anapopelekwa mahakamani kwa kosa la nyamapori. Watu wa kwenda kutalii ni wageni wanaopita kwenye magari ya paa la kufunguka.

Kila likizo ya Juni inapokaribia, wapo wazazi wanaotamani kulibadilisha hilo. Wengi huanza na hesabu ya kiingilio, na hapo huwa wanaogopa bure. Wanasikia kwamba mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki hulipa dola 60 hadi 70 kwa siku kabla ya kodi, wakadhani na wao watatozwa kitu cha namna hiyo. Raia wa Afrika Mashariki kiwango chake kimekuwa Sh10,000 kwa mtu mzima na Sh2,000 kwa mtoto wa miaka mitano hadi 15. Ukiongeza kodi ya asilimia 18, mtu mzima ni Sh11,800 na mtoto Sh2,360. Aliye chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu.

Baba, mama na watoto watatu, wa miaka 13, tisa na minne, wote kwa pamoja ni Sh28,320. Kuna familia zinazotumia zaidi ya hapo kwenye nyama choma na soda siku ya sikukuu.

Fedha inaliwa na gari, na pia na usiku. Gari lina dawa yake, nayo ni familia mbili au tatu kuungana na kukodi moja. Usiku ndio haupewi nafasi kwenye mipango, na ndio huamua kama watoto watarudi na hadithi ya tembo au ya kunguni.

Kwa nini kulala Mugumu

Barabara ya kutoka Tarime hadi Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, ina kilomita 87 hivi. Inapita Nyamongo, inavuka Mto Mara na kuendelea kusini. Lami imekuwa ikijengwa kwa vipande, na mahali ambapo haijafika, vumbi au tope huamua mwendo. Baada ya Mugumu bado kuna safari ya kufika Lango la Ikoma, lililo karibu na kijiji cha Robanda.

Familia inayotoka Tarime alfajiri kwa nia ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo itafika langoni jua likiwa limepanda. Huo ni wakati simba amelala chini ya mti na hana habari na mtu. Watoto watakuwa wametapika, watakuwa na njaa, na dereva ataanza kutazama saa kwa sababu malango hufungwa saa 12 jioni. Watakuwa wamelipa kiingilio kamili kwa nusu ya siku.

Kwa hiyo mpango unaofaa ni wa siku tatu. Ijumaa mchana mnaondoka Tarime na kulala Mugumu. Jumamosi mnaingia hifadhini asubuhi, mnarudi kulala Mugumu tena, na Jumapili mnaanza safari ya nyumbani bila haraka. Usiku wa pili wengi huukata ili kubana matumizi, na hilo ni kosa. Barabara ya usiku yenye mifugo, wanyamapori na dereva aliyeshika usukani tangu alfajiri si mahali pa kubania Sh25,000.

Chumba cha mtu mmoja

Gesti nyingi za Mugumu, Tarime na Sirari hazikujengwa kwa ajili ya familia. Zimejengwa kwa msafiri wa kikazi, kama mfanyabiashara wa mpakani, dereva, mtumishi aliyekuja semina, au fundi anayesubiri kazi Nyamongo. Mtu huyo hufika jioni peke yake, anaoga, anakula, anatazama mpira, analala na kuondoka. Chumba kimepimwa kwa mahitaji yake: kitanda cha tano kwa sita, kiti kimoja, televisheni, misumari miwili ya kutundika nguo.

Jambo hili si la Mara peke yake. Nchini Japani kuna hoteli za bei nafuu zinazojulikana kabisa kuwa ni za wafanyakazi walio safarini. Vyumba vyake ni vidogo kiasi kwamba sanduku likifunguliwa sakafuni hakuna pa kupita. Huko bei mara nyingi huhesabiwa kwa kichwa, hata kama ni chumba kimoja. Mtoto mdogo anayelala kitanda kimoja na mzazi katika hoteli nyingi hatozwi, lakini sharti atajwe wakati wa kuweka nafasi. Mzazi anayekwenda kulala huko huyajua yote hayo kabla hajatoka kwake, kwa kuwa yameandikwa. Mugumu mengi hayajaandikwa popote, kwa hiyo lazima mtu aulize.

Swali la kwanza kwa simu liwe hilo: bei ni ya chumba au ya mtu? Zipo gesti zinazoruhusu watu wawili tu katika chumba, na mtoto wa miaka tisa kwao ni mtu. Zipo zinazokubali watoto lakini zinatoza godoro la ziada. Zipo ambazo mhudumu atasema "njooni tu, tutaelewana", na hilo ndilo jibu la kuliogopa, kwa sababu makubaliano yatafanyika saa mbili usiku mkiwa mmesimama mapokezi na mtoto amesinzia begani.

Familia ya watu watano itahitaji vyumba viwili, na hapo inabidi kuamua mapema nani analala na nani. Busara ni kila chumba kuwa na mtu mzima, mama na wasichana upande mmoja, baba na wavulana upande wa pili. Kuwaacha watoto peke yao chumba cha tatu mlangoni mwa mtu msiyemjua, eti kwa sababu "wamekua", ni jambo ambalo mzazi hangelifanya nyumbani kwake mwenyewe. Vyumba viwe vinapakana au vitazamane, na hilo liombwe wakati wa kuweka nafasi.

Swali la pili ni la baa. Gesti nyingi za bei nafuu zina baa uani au jirani yake, na Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za muziki. Mhudumu akisema pako kimya, mpigie tena saa tatu usiku siku nyingine usikilize mwenyewe kinachosikika nyuma yake. Baa pia huleta wateja wanaokodi chumba kwa saa chache. Kila mtu mzima anaijua biashara hiyo, na hakuna haja ya kuwaonyesha watoto. Kuuliza moja kwa moja kama wanapokea wageni wa muda mfupi si utovu wa adabu. Anayeuliza ataonekana kuwa mtu mwenye familia, na ndivyo alivyo.

Picha za kwenye simu zisiaminiwe sana, kwa maana hupigwa chumba kikiwa kipya. Karibu kila familia ya Tarime ina ndugu, rafiki, mwalimu au muuguzi wanayemfahamu Mugumu. Huyo aombwe kupita kuangalia kabla fedha haijatumwa. Ikitumwa kwa simu, jina linalotokea lifanane na la mwenye gesti au la biashara yenyewe, na ujumbe wa muamala utunzwe hadi siku ya kuondoka.

Dakika kumi za kwanza

Mkifika, mizigo ibaki kwenye gari kwanza. Mzazi mmoja abaki na watoto, mwingine aende kukagua chumba kabla ya kuandika jina kwenye kitabu cha wageni, kile kinachotaka mpaka kabila na unakotoka. Ukishaandika na kulipa, kubadilisha chumba huwa ni ugomvi.

Chandarua ndicho cha kuanza nacho. Mara ni ukanda wa malaria, na chandarua cha gesti mara nyingi kinaning'inia kwa urembo tu. Kishushwe, kitazamwe matundu, kionekane kama kinafika chini ya godoro pande zote. Familia inayoweza ibebe chandarua chake na kamba, hasa kwa ajili ya wale watakaolala kwenye godoro la chini. Kisha godoro linyanyuliwe. Kunguni hujificha kwenye mishono na nyufa za kitanda, na huacha vidoa vyeusi vidogo kwenye kitambaa.

Mlango uwe na komeo la ndani, mbali na kitasa, kwa sababu hujui funguo za akiba ziko mikononi mwa wangapi. Dirisha lifungike. Maji yafunguliwe bombani yaonekane, na kama yanatoka kwa zamu, ndoo zijazwe jioni ile. Chumba cha "selfu", chenye choo na bafu ndani, huongeza bei kidogo, lakini kwa mwenye mtoto wa miaka minne si anasa. Mtoto huyo ataamka saa nane usiku akitaka kukojoa, na choo cha nje kipo upande wa pili wa ua, taa imezimwa.

Juni asubuhi kuna baridi maeneo hayo. Blanketi moja la gesti halitoshi watu watatu, basi mashuka ya kujifunika na masweta yatoke nyumbani.

Mlinzi na chupa ya chai

Kuna jambo dogo ambalo huharibu safari nyingi. Lango la Ikoma hufunguliwa saa 12 asubuhi, na mwenye nia ya kuwahi huondoka Mugumu kukiwa bado giza. Saa hizo geti la gesti limefungwa kwa kufuli, mlinzi amelala, na jiko halijawashwa. Chai iliyomo kwenye bei ya chumba huiva saa moja, wakati nyinyi mmeshaondoka. Mlinzi aambiwe usiku ule, kwa jina lake, saa ya kuondoka. Jikoni waombwe chapati na chai kwenye chupa kabla hawajalala, na mkifika tayari mna chakula cha asubuhi.

Malangoni hawapokei fedha taslimu. Malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki, au kwa kadi, kwa hiyo salio la simu liwekwe mjini Mugumu jana yake. Vitambulisho vya taifa vya wazazi viwe mkononi, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto visiachwe nyumbani, maana mtoto mwenye miaka 15 na mwili wa miaka 18 huleta maswali.

Nguo ziwe za rangi ya kaki au kahawia isiyoiva. Mbung'o wa eneo hilo huvutwa na bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao inayoning'inia mitini imeshonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Wanauma kweli, na ndio waenezao ugonjwa wa malale. Chakula kibebwe kwenye vyombo vyenye mfuniko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na nyani na tumbili hawahitaji kualikwa mara mbili.

Juni ina faida nyingine zaidi ya likizo. Katika mzunguko wao wa mwaka, nyumbu wengi kipindi hicho huwa upande wa magharibi wa hifadhi, na baadaye, kuanzia Julai, husogea kaskazini kuelekea Mto Mara. Desemba huwa wanaelekea kusini, na mvua huwa imeharibu njia. Hata hivyo nyumbu wana ratiba yao. Mtoto asiahidiwe simba wala maelfu ya nyumbu, maana atakuja kudai. Aahidiwe Seronera, katikati ya hifadhi, ambako kuna kituo cha wageni chenye meza za kulia chakula, vyoo, na pimbi wanaokatiza miguuni bila woga. Watoto wadogo huwakumbuka pimbi hao kuliko chui aliyeonekana kwa mbali akiwa mkia tu juu ya mti.

Saa 10 jioni dereva ageuze gari. Mkirudi gesti mtakuta maji ya kuoga yamekwisha ikiwa hamkuacha neno, basi kabla ya kutoka alfajiri aachiwe mhudumu ombi la ndoo tatu, moja yake iwe ya maji ya moto. Watoto waoshwe miguu, wale, walale. Jumapili asubuhi, kabla ya kurudisha funguo, mtu mmoja apige magoti achungulie uvunguni mwa vitanda vyote viwili. Kiatu kimoja cha mtoto hubaki huko kila mara.