Usimshuhudie mgonjwa uongo

Mgonjwa wa saratani ya tumbo anaweza kukosa nauli na hata hamu ya kula, lakini washauri hakosi. Ukimuuguza mmoja huku Same, usishangae ukinong'onezwa: “Mtafutie mafuta ya bangi.” Mmea huo si mgeni Milima ya Pare, mara kwa mara tunasikia mashamba yake yakiteketezwa.

Je, wazo hilo halina msingi? Unao kidogo. Kemikali za bangi ziitwazo kanabinoidi zimeua chembe za saratani ya tumbo katika maabara, na kupunguza ukuaji wa uvimbe kwa panya. Marekani iliidhinisha dawa za aina hiyo mwaka 1985, lakini ni za kutuliza kichefuchefu na kutapika kunakoletwa na tiba ya saratani. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba zinaponya saratani ya tumbo kwa binadamu.

Imani yetu haidharau mimea. Isaya aliagiza tini ziwekwe kwenye jipu la Hezekia (2 Wafalme 20:7). Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo (1 Timotheo 5:23). Lakini Mungu aliyeumba mimea ndiye aliyetukataza kumshuhudia jirani uongo. Ukimwambia mgonjwa “hii inaponya” nawe hujui, umemshuhudia uongo, hata kama umesema kwa upendo.

Na uongo huo unakula muda. Saratani ya tumbo ikigunduliwa mapema, daktari anaweza kuiondoa kwa upasuaji. Ikishasambaa, nafasi hiyo hupungua sana. Maumivu yasiyoisha, kushiba upesi, kukonda, kutapika damu au choo cheusi ni sababu ya kushuka mlimani kwenda kupimwa, na ikibidi kufika KCMC, Moshi. Kama mgonjwa ameshatumia mafuta hayo, mwambieni daktari bila kuficha. Yanaweza kugongana na dawa nyingine.

Leo baada ya ibada, muulize mgonjwa wa mtaa wenu: amepimwa? Nani atamsindikiza? Nauli imepungua kiasi gani? Maombi yetu yaendelee, lakini yafuatane na nauli. Msamaria mwema hakutoa ushauri wa barabarani akapita. Alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akamfikisha pa kutunzwa, akalipa.