Namba ya Ushuru Ikae Wapi kwenye Programu ya Biashara

Pamba ya Ngulyati, mkoani Simiyu, ikishachambuliwa, forodha haiitambui tena kama zao moja. Nyuzi zinasomeka 5201 na mbegu 1207. Mbegu zikikamuliwa, mafuta yanakwenda 1512 na mashudu 2306. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Bariadi aliyeandika "pamba" tu kwenye programu yake ya stoo atakwama siku wakala wa forodha atakapomuuliza mzigo ni upi hasa.

Namba hizi zinatoka Shirika la Forodha Duniani, na zimetumika tangu 1988. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile karibu dunia nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili, zikawa nane. Mahali pa namba hiyo ni kwenye kadi ya bidhaa, ili kila ankara iichukue hapo. Karani akiiandika upya kila mzigo unapoingia, ipo siku atakosea.

Na iandikwe kama maandishi, isiwe hesabu. Namba ya dengu, zao jingine la Simiyu, huanza na 0713.20. Excel ikidhani hiyo ni hesabu, inaifuta sifuri ya mbele, na mazao ya mikunde yanahamia sura ya 71, ya vito na dhahabu! Nawasihi wahasibu wakague safu hiyo kabla ya kuhamisha data.

Namba ndiyo huleta kiwango cha ushuru, na ushuru huingia kwenye bei; huko ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Tuseme umeagiza vipuri vya mashine ya kuchambulia, thamani yake pamoja na bima na nauli hadi bandarini ni shilingi 40,000,000, na ushuru ni asilimia 10. Ushuru ni 4,000,000. Tukiacha tozo nyingine, VAT ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya 44,000,000, yaani 7,920,000. Ushuru haurudi, kwa hiyo uingie kwenye gharama ya vipuri. VAT, kama umesajiliwa na unauza bidhaa zinazotozwa kodi hiyo, utaidai kwenye ritani. Iwe na akaunti yake. Ukizirundika zote kwenye gharama, kipuri kinaonekana ghali kuliko kilivyo. Ukiupeleka ushuru kwenye matumizi ya ofisi, utauza kwa hasara huku kompyuta inakuonyesha faida.

Kontena likiwa na bidhaa mchanganyiko, kila moja ibebe ushuru wake. Viwango vikuu vya Jumuiya tangu Julai 2022 ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Kuugawa ushuru sawasawa kwa idadi ya maboksi ni kuitwisha bidhaa ya sifuri mzigo wa jirani yake.

Kiwango kiwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa sababu kila Julai mosi, baada ya bajeti, baadhi hubadilika. Usifute cha zamani: mkaguzi akija atautaka ushuru wa mzigo wa mwaka juzi ukokotolewe kwa kiwango cha mwaka juzi. Namba zenyewe nazo zitabadilika toleo jipya la dunia litakapoanza, 1 Januari 2028, na anayenunua programu leo amuulize muuzaji kama inaweza kushika namba mbili za bidhaa moja, kila moja na kipindi chake.