Jinsi Damu Inavyoziba Jeraha

Kila mkulima aliyepata kukatwa na panga ameiona ajabu hii: damu hutoka kwa wingi, kisha hupungua, na mwishowe hukoma. Ni nini kiizibacho?

Mwaka 1882 daktari wa Italia, Giulio Bizzozero, alieleza kazi ya vipande vidogo mno vya damu, viitwavyo chembe sahani. Katika milimita moja ya mchemraba ya damu ya mtu mzima zimo kati ya 150,000 na 400,000. Hutengenezwa na uboho wa mifupa, nazo huishi siku 7 hadi 10 tu.

Maadamu mshipa ni mzima, utando wake wa ndani huzizuia chembe hizo zisishikamane. Lakini mshipa ukikatwa, nyuzi za ukuta wake, ziitwazo kolajeni, huwa wazi, na hiyo ndiyo ishara ya jeraha.

Lakini damu hukimbia kama maji ya mfereji uliobomoka, chembe itashikaje? Katika damu mna protini iliyojikunja kama uzi, yenye jina la Erik von Willebrand, daktari wa Finland. Mwaka 1926 yeye alieleza ugonjwa wa kutokwa damu, ambao baadaye ilijulikana kuwa hutokana na kasoro ya protini hiyo. Protini hunata kwenye kolajeni, na kasi ya damu huinyosha ikawa kama kamba, chembe zikaikamata. Basi nguvu ile ile ambayo ingezichukua ndiyo izisaidiayo kushika! Kisha huwaita wenzao, na nyuzi nyingine hulifunga rundo lao kama fito zishikavyo udongo wa nyumba.

Haya yana faida kwetu. Mtu akikatwa, ligandamize jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 au zaidi, wala usikifunue kuchungulia, maana utaling'oa rundo lile. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Usitie udongo wala mavi ya ng'ombe, kwani huleta pepopunda. Damu ikiruka au ikikataa kukoma, mpelekeni hospitali upesi, huku mkigandamiza njiani.

Tena, aspirini hudhoofisha chembe sahani kwa muda wote wa maisha yao. Anayeimeza na amwambie daktari kabla ya kung'olewa jino.