Bonde la Mtakatifu Kolumba: kijiji kinachosomwa kama kitabu

Mwalimu ye yote aliyepata kufundisha jiografia anajua jambo hili, la kuchekesha na la kusikitisha pia. Mtoto atataja mito mikubwa ya Ulaya, mmoja mmoja, bila kukosea. Lakini ukimwuliza kijito kinachopita nyuma ya shule chatoka wapi, atainama na kunyamaza. Atataja wafalme wa mbali pamoja na miaka yao, lakini jina la babu wa babu yake halijui. Elimu ya namna hiyo ni kama nyumba iliyoanzwa kujengwa kwenye paa.

Leo twende pamoja mpaka kijiji kimoja cha Irlandi, kiitwacho Glencolumbkille. Si kijiji kikubwa, wala si cha kitajiri. Tunakwenda huko kwa sababu watu wake walikaribia kupoteza kijiji chao, na katika kukiokoa walitambua ya kuwa mtoto hana budi kuijua nchi yake kwa kuanzia mlangoni pake.

NCHI YENYEWE

Irlandi ni kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza. Wakongo wengi walilisikia jina lake mara ya kwanza katika mwaka 1960, askari wake walipokuja kwetu chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Tisa kati yao walipoteza maisha katika shambulio la Niemba, upande wa Tanganyika, mwezi wa Novemba mwaka huo.

Mwambie mtoto achukue kalamu achore. Kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya kisiwa aandike Donegal, ndilo jina la wilaya. Mwisho kabisa, mahali nchi inapoingia katika bahari ya Atlantiki, achore bonde. Katikati ya bonde upite mto mdogo, Murlin, ukishuka mpaka kwenye ghuba. Pembeni asimamishe vilima, na kwenye mdomo wa ghuba genge la Glen Head, lenye kimo cha zaidi ya mita 200 juu ya maji. Kusini yake, si mbali, aweke mlima Slieve League, unaoinuka mita 600 hivi na kuanguka ghafula baharini.

Mchoro ukiisha, maswali yaanze. Mbona miti ni michache? Kwa kuwa upepo wa bahari hauchoki, na ardhi ni ya kinamasi. Basi watu walipikia nini? Walikata udongo mweusi wa kinamasi, uliotokana na majani yaliyooza kwa maelfu ya miaka. Wakaukata mfano wa matofali, wakaukausha, wakauchoma kama kuni. Mbona nyumba za zamani ni fupi, na paa zake za nyasi zimeviringwa na kufungwa kwa kamba kwenye vijiti vya mawe ukutani? Jibu litatoka kwa mtoto mwenyewe: upepo! Hapo amekwisha kufahamu jiografia. Ameona jinsi nchi inavyomfundisha mtu namna ya kujenga, kula na kuota moto.

MAWE YANAYOSEMA

Kutoka nchini twende kwenye historia. Katika bonde hilo kuna makaburi ya mawe makubwa mno, yaliyojengwa na wakulima wa kale zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Baadaye sana walikuja Wakristo, wakasimamisha mawe mengine yaliyochorwa misalaba.

Jina la kijiji, kwa lugha ya Kiirlandi, maana yake ni Bonde la Colm Cille. Na Colm Cille maana yake ni Njiwa wa Kanisa. Huyo ndiye Mtakatifu Kolumba, aliyezaliwa katika Donegal mwaka 521 hivi. Mwaka 563 alivuka bahari, akajenga monasteri katika kisiwa cha Iona, upande wa Skotlandi, akafa huko tarehe 9 Juni 597. Kila mwaka, siku hiyo ya tarehe 9 Juni, wakristo wa bonde hufanya hija ya vituo 15, desturi ikiwa ni kutembea miguu mitupu. Kwenye kisima cha mtakatifu kila mmoja huweka mawe matatu. Na rundo la mawe yaliyowekwa na vizazi vingi limekuwa kama ukuta mkubwa.

Hapa mwalimu awe mwangalifu. Wazee husimulia ya kuwa mashetani walijificha ndani ya ukungu wa bonde, na Kolumba akawafukuza mpaka baharini. Tusimcheke mzee, wala tusimdanganye mtoto. Tumwambie: "Mwaka wa kufa kwa Kolumba tunaujua, habari ya ukungu, wazee ndio wanaoisimulia." Mtoto anayejifunza kuzitenga habari hizo mbili amepata akili ya kumsaidia maisha yake yote.

NJAA KUBWA

Ziko kurasa za kitabu hiki zilizo chungu. Maskini wa Irlandi walitegemea chakula kimoja, viazi. Mwaka 1845 ugonjwa ukaingia mashambani, viazi vikaoza ardhini. Njaa ikadumu mpaka mwaka 1852 hivi. Watu kama milioni moja walikufa, na wengine kama milioni moja wakaihama nchi. Nayo nafaka na mifugo viliendelea kupelekwa nje kuuzwa, maana maskini hakuwa na fedha ya kuvinunua. Mtoto wa kwetu alaye ugali wa muhogo asubuhi na jioni, aliyeona majani ya muhogo yakikunjamana kwa ugonjwa, hahitaji kuelezwa mara mbili.

Tena lugha yao iliteswa. Katika karne ya 19 shule zilifundisha kwa Kiingereza. Mahali pengi mtoto alivikwa kijiti shingoni, na kila aliposema neno la Kiirlandi kijiti kilikatwa alama; jioni alama zikahesabiwa kwa fimbo. Sidhani kama msomaji wa Afrika atashangaa sana.

PADRI MMOJA NA WATU WAKE

Baada ya miaka mia moja, watu walikuwa wangali wakihama. Mwaka 1951 Padri James McDyer alitumwa Glencolumbkille, akakuta vijana wakiondoka kwenda Skotlandi, Uingereza na Marekani, na wazee wakibaki peke yao. Kila mwaka nyumba kadhaa zilifungwa mlango. Hakuwalaumu waliokwenda, maana tumbo halina subira. Aliwakusanya waliobaki, akawatia moyo wajenge nyumba ya mikutano, wadai umeme, maji na barabara, waanzishe vyama vya ushirika vya kufuma sufu na kutengeneza mboga.

Mwaka 1967 wakafanya kazi moja ya ajabu. Kwa mikono yao wenyewe walijenga nyumba za nyasi mfano wa zile za kale: ya karne ya 18, ya karne ya 19, na ya karne ya 20. Ndani waliweka vyombo vilivyotoka nyumbani mwao: viti, vyungu, jembe, gurudumu la kusokotea nyuzi. Mtoto aliyeingia katika ile ya kwanza na kutokea ya mwisho alikuwa amepita miaka mia mbili kwa miguu yake.

Si kila kiwanda cha Padri McDyer kilidumu, na uhamaji haukukoma kabisa. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1987. Lakini nyumba zile zingali zimesimama, wageni wanakuja, na tangu 1984 iko pale shule ambapo watu wazima wanajifunza Kiirlandi, lugha ile ile iliyokatiwa alama katika vijiti. Wazazi waliofikiri vyombo vyao vya zamani ni aibu ya kufichwa, waliona watoto wakivisogelea kwa heshima.

NA SISI JE?

Mtu atasema: "Sisi hatuna fedha za kujenga kijiji cha namna hiyo." Basi sikilizeni. Kati ya 1937 na 1939 serikali ya Irlandi iliwaomba watoto wa shule za msingi waende kwa wazazi na wazee wao, wawaulize, waandike. Waliulizwa nini? Habari za njaa, za visima vitakatifu, za mhunzi wa kijiji, za kuoka mkate, za dawa za kienyeji, za barabara na shule za zamani. Watoto zaidi ya 50,000, katika shule 5,000 hivi, walifanya kazi hiyo. Madaftari yao yanatunzwa katika mji wa Dublin, na wataalamu wanayasoma kwa bidii. Wengi wa wazee walioulizwa walikufa miaka michache baadaye. Kama mtoto asingaliuliza, maneno yao yangalizikwa pamoja nao.

Daftari moja na kalamu moja, hizo tunazo. Wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, jioni ya leo nenda kwa nyanya yako au kwa mzee jirani. Mwulize: kijito chetu kinaitwaje, na kwa nini? Nani alilima hapa kwanza? Njaa ipi mliiona, nanyi mlikula nini? Andika jina lake, umri wake na tarehe. Usimkatize, wala usimsahihishe.

Na ninyi wazazi, mtoto akija kuuliza, msimfukuze mkisema hayo ni mambo ya kale. Wahenga walisema: Mkataa kwao ni mtumwa. Nasi tujue ya kuwa mtoto hawezi kupenda kwao asipoambiwa na mtu habari zake.